Ada ya fundi wa mbali na deni la mkono

Miezi michache iliyopita mpwa wangu anayeishi Maruku, Bukoba Vijijini, alinipigia simu usiku baada ya swala ya Isha. Tulisalimiana kwa kirefu kama ilivyo desturi ya kwetu. Nikamuulizia mama yake, migomba, mvua na majirani mmoja baada ya mwingine. Kisha akasema, "Mjomba, naomba unisaidie ada."

Nilishituka. Kijana huyu ana miaka 26, shule aliiaga zamani, na sasa ana kibanda chake cha useremala kando ya barabara. Anatengeneza vitanda, milango, madawati, na majeneza ya jirani zetu Wakristo. Ada ya nini tena?

Akanieleza kwamba amejiunga na fundi mmoja wa ng'ambo anayefundisha useremala kwa njia ya intaneti. Mwanachama hulipa dola 15 kila mwezi, yaani karibu shilingi 40,000, naye hufunguliwa masomo ya picha za video: jinsi ya kunoa randa na patasi, jinsi ya kutoboa tundu na kukata ulimi wake, jinsi ya kuunga droo kwa meno yaliyotanuka mfano wa mkia wa njiwa. Ukikosa kulipa mwezi mmoja, mlango unafungwa. Kiingereza cha yule fundi hakielewi chote, lakini akasema, "Mjomba, mimi nasoma mikono yake."

Nilipokaa kimya, akaongeza la kunivuta: "Tena ada hii inasomesha watu sita. Wenzangu watano nimewapa neno la siri, wote wanaingia kwa jina langu." Nami, bila ya kufikiri, nikasema: "Maashallah, huo ndio udugu." Nikatuma fedha usiku uleule.

Ndugu msomaji, usingizi ulichelewa kuja. Kuna maswali mawili yalinikaa kifuani. La kwanza, je, ni haki mtu kutoza ada kwa ajili ya kufundisha ufundi, ilhali sote tumelelewa tukiambiwa kwamba elimu haiuzwi? La pili, huyu aliyekwishalipa, je, anayo haki ya kuwagawia wengine watano alichouziwa peke yake? Nimeona niyalete mbele yenu, maana siku hizi si Maruku tu. Mijini kwetu vijana wengi wanajifunza kushona, kupika keki, lugha na hata tajwidi kwa simu, na neno la siri moja linazunguka mtaa mzima.

Tuanze na la kwanza. Mimi nilijifunza useremala Bukoba mjini miaka ya 1980 kwa mzee mmoja, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye hakunidai hata senti. Kwa miaka mingi nimekuwa nikijisifu kwa hilo. Nikiona matangazo ya kozi za kulipia nasema, "Sisi tulifundishwa bure." Lakini usiku ule nilijiuliza: ni kweli ilikuwa bure? Mwaka mzima wa kwanza nilifagia maranda, nilichota maji, nilibeba mbao kichwani kutoka kwa wapasuaji, na nilipiga msasa mpaka vidole vikatoka damu. Mwaka wa pili nilitengeneza stuli ambazo fundi aliuza na fedha zikaingia mfukoni mwake. Sikulipa ada kwa fedha, nililipa kwa jasho na kwa miaka. Aliyekuwa na kwao kwenye uwezo wa kumlisha muda wote huo ndiye aliyemaliza. Mtoto wa mjane aliacha mwezi wa nne.

Hata pwani, ambako ufundi una heshima ya kale, mwanagenzi hakutoka mikono mitupu. Ipo ada iitwayo kilemba, ambayo mwanafunzi au wazazi wake humpa fundi au mwalimu kazi ya kufundishwa inapokamilika. Neno lenyewe linatuonesha kwamba wazee wetu waliona aibu kumwacha aliyekufundisha aondoke bila ya kitu. Kwa hiyo kilichobadilika ni namna ya kulipa; kulipa kwenyewe kulikuwepo.

Katika dini jambo hili lilijadiliwa na wanachuoni wakubwa kuliko sisi, tena kuhusu kitu kitukufu kuliko randa. Walihitilafiana juu ya malipo kwa anayefundisha Qur'an. Wapo waliozuia, na wapo walioruhusu. Hata katika madhehebu ya Hanafi, ambayo wanachuoni wake wa mwanzo walizuia, wale wa zama za baadaye waliruhusu kwa kuchelea kwamba walimu wataacha kufundisha ili watafute riziki, na elimu itapotea. Na imepokewa kwamba baadhi ya mateka wa vita vya Badr waliokuwa hawana fidia waliachiwa kwa kuwafundisha kuandika watoto wa Answari. Tazama basi: kazi ya kufundisha ilihesabiwa kuwa na thamani ya uhuru wa mtu, na mwalimu mwenyewe alikuwa mshirikina na adui wa vitani. Sasa vipi tuone ajabu fundi wa mbali kudai dola 15?

Na tukitazama kwa jicho la kazi, anachotoza si elimu yenyewe. Kwamba mbao hupinda ikikauka, kwamba nyuzi za mti huamua patasi itapita wapi, hayo ni maumbile ya Mwenyezi Mungu, hakuna mwenye hatimiliki yake. Anachotoza ni siku zake, mbao alizoharibu ili kutuonesha kosa, mpiga picha, taa, na mpangilio wa somo la leo kutangulia la kesho. Mwingereza mmoja mashuhuri, Paul Sellers, aliyeanza uanagenzi akiwa na miaka 15 katikati ya miaka ya 1960, aliweka masomo mengi ya bure YouTube, na mengine akayafanya ya wanachama wanaolipa kwa mwezi. Hapa kwetu nako, katikati ya miaka ya 2010, VETA kwa kushirikiana na kampuni ya simu ya Airtel walianzisha programu ya VSOMO. Kijana alilipa shilingi 120,000 kwa kozi, akasoma nadharia kwenye simu, kisha akaenda karakana ya VETA kufanya kwa vitendo. Hakuna aliyesema VETA wanauza nuru.

Atakuja mtu aseme: mbona mitandaoni yamejaa masomo ya bure? Ni kweli. Lakini sisi wa Kagera tuna funzo. Tangu mnyauko wa migomba uripotiwe Muleba mwaka 2006, mkulima mwenye akili hapokei mche bila ya kuuliza umetoka katika shina gani. Mche wa bure wenye maradhi unaweza kumaliza kibanja kizima. Na somo la bure la mtu asiyejua linaweza kumkata kijana kidole. Ada, inapolipwa kwa mwaminifu, humfanya mwalimu awajibike kwa mwanafunzi wake.

Basi la kwanza nimelikubali: ada ni halali, na si dhambi wala si ubahili kuidai. Hapo ndipo la pili linapokuwa gumu.

Nilimpigia mpwa wangu nikamuuliza, masharti ya uanachama yanasemaje? Akasoma polepole, akakiri kwamba yanasema uanachama ni wa mtu mmoja na neno la siri halitolewi kwa mwingine. Nikamuuliza, uliyakubali? Akasema, "Nilibonyeza tu, mjomba, kila mtu anabonyeza."

Nakiri kwamba hoja za vijana wale hazikuwa za kijinga. Walisema yule fundi ni tajiri, na sisi ni maskini. Walisema hapungukiwi kitu. Somo likitazamwa na mmoja au sita, kwake ni lilelile. Walisema ni mtu wa mbali, si wa dini yetu, na hatatujua. Wakamalizia kwa kusema kwamba kuficha elimu ni haramu, kwa hiyo anayeitoa anafanya ibada. Nami kila hoja niliipima, kwa kuwa moyo wangu ulitaka iwe ya kweli.

Lakini hebu tujiulize. Umaskini unaturuhusu kuomba. Je, unaturuhusu kuvunja ahadi? Qur'an katika mwanzo wa Suratul Maida inawaamuru walioamini watekeleze mapatano yao, na haikubagua mapatano na tajiri, na wa mbali, wala na asiyekuwa Muislamu. Mtume (s.a.w.) aliitwa Mwaminifu na watu wa Makka kabla ya kupewa utume, na amana zao walimwekea yeye. Na kuhusu hoja kwamba hapungukiwi kitu, mwaka 1988 Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu, lilipokutana Kuwait, liliamua kwamba haki za watunzi na wavumbuzi ni mali inayolindwa na sheria, na haifai kuivamia. Kinyozi naye hapungukiwi kitu ukimkimbia baada ya kunyolewa; wembe wake bado anao. Lakini nani kati yetu atasema hukumdhulumu?

Nilimpa mpwa wangu mfano wa kwetu. Maruku ni nchi ya migomba na kahawa. Hata kituo cha utafiti wa mazao hayo kipo hapo. Jirani yako ana kibanja kizuri, nawe unataka aina yake ya ndizi. Unamwendea, anakupa mche, ama bure ama kwa kitu kidogo. Unaupanda, unautia samadi, unaupalilia. Ukishaota na kuzaa, machipukizi yake ni yako. Wagawie kijiji kizima, hakuna atakayekulaumu, na jirani atafurahi. Lakini je, kwa kuwa alikupa mche, unayo ruhusa ya kuwapeleka watu watano kibanjani kwake usiku wakakate mikungu? Video zile ni mikungu iliyo katika kibanja cha mwenyewe. Ufundi ulioingia mkononi mwako ni mche. Ule ni wake, huu ni wako.

Nilidhani hapo nimemaliza, na nilikuwa tayari kujipongeza. Kijana akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa adabu kabisa: "Mjomba, wewe umefanya useremala miaka mingi kule Dar es Salaam. Huo mche wako umempa nani?"

Ndugu zangu, swali hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Miaka ya 1990 nilikuwa na meza yangu Keko, ambako kila mkazi wa Dar es Salaam anajua kwamba ndiko kwenye mafundi wa samani. Nilikuwa na kijana mmoja mwanagenzi, mtiifu, mwenye mkono mwepesi. Sikumtoza ada. Lakini kila ilipofika hatua ya kupima na kukata kile kiungo cha droo, nilimtuma chai. Akirudi na birika, droo imekwishaungwa. Nikimwona anachungulia, namtuma gundi. Alikaa nami miaka mitatu, akaondoka anajua randa na msasa tu. Nilijitetea moyoni kwamba akijua yote atafungua meza ya pili yake na kuninyang'anya wateja. Na ukweli ni kwamba hata fundi wangu wa Bukoba alinitendea hivyohivyo. Nilichokipata kwake nilikiiba kwa macho.

Sasa weka wawili hawa katika mizani. Mmoja ni yule mtu wa mbali, anadai dola 15, lakini hafichi kitu. Anaonesha penseli inawekwa wapi, anarudia, anakusogezea picha mpaka unaona nyuzi za mbao, na akikosea anakuonesha kosa. Wa pili ni mimi, ndugu wa karibu, Muislamu, ninayejisifu kwamba elimu haiuzwi, ninamtuma mwanafunzi chai. Ni nani kati yetu aliyeifanyia elimu ubahili? Nimeogopa sana kuijibu swali hili, kwa sababu lipo onyo linalojulikana la Mtume (s.a.w.) juu ya anayeulizwa elimu akaificha.

Wala hili la kuficha si maradhi ya Keko peke yake. Katuruka, katika Maruku hiyohiyo, yamechimbuliwa mabaki ya matanuri ya kale ya kuyeyushia chuma, na wataalamu wanasema wahenga wetu wa Buhaya walitengeneza chuma cha pua kwa ujuzi uliowashangaza watu wa Ulaya na Marekani. Mtafiti Peter Schmidt na mwenzake Donald Avery walilitangaza hilo katika jarida la Science mwaka 1978. Lakini ili kuona kazi hiyo ikifanyika, miaka ile ya 1970 walilazimika kuwatafuta wazee wachache walioifanya ujanani, wakajenge tanuri kwa kukumbukakumbuka. Kazi ilikuwa imekwisha. Chuma cha kigeni cha bei rahisi kiliiua, hilo ni kweli. Lakini ujuzi uliozungushiwa miko na siri, ukiwa mikononi mwa watu wachache, haukuwa na pa kukimbilia soko lake lilipokufa. Wale wazee wangechelewa kuulizwa miaka kumi au ishirini, pengine tusingejua kitu.

Kwa hiyo nimefika mahali ambapo sikutarajia kufika. Nilianza nikiuliza kama ni haki kulipia elimu, na sasa naona kwamba bei si mzizi wa tatizo. Mtu anaweza kutoza ada akawa mkarimu, na mwingine akafundisha bure akawa bahili. Lililo zito ni kile kinachobaki mkononi baada ya ada kulipwa. Ada inamaliza deni lako kwa mwalimu. Haimalizi deni lako kwa wasiojua. Deni hilo halilipwi kwa kugawa neno la siri, maana hapo unatoa cha mwenzio. Linalipwa kwa muda wako, mbao zako na subira yako. Katika hadithi ya Abu Dharr, miongoni mwa mambo mema aliyoelekezwa ni kumsaidia mwenye kazi ya mikono au kumfanyia asiyeweza. Na Nabii Zakariya (a.s.), kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim, alikuwa seremala. Meza ya fundi basi si mahali pa dharau; panaweza kuwa pa ibada.

Na kwa kweli wale vijana watano wanamhitaji mpwa wangu kuliko wanavyoihitaji ile video. Fundi wa ng'ambo anafanya kazi kwa mbao iliyokaushwa katika tanuri. Hajui msindano uliopasuliwa juzi na kuletwa na mvua yake, wala hajui kwamba musizi ukiufungia mlango ungali mbichi, mwezi wa pili utakuwa hauingii katika fremu. Hana la kuwaambia walio na randa moja na patasi mbili. Mpwa wangu analo. Na yupo mzee pale kijijini ambaye anayajua hayo kuliko wote, na hakuna aliyemfikiria kumpa ada kwa sababu hayumo kwenye simu. Hapo nako tujitazame: tunamlipa wa mbali kwa dola, wa karibu tunamwambia "Mungu atakulipa."

Yaliyotokea ni haya. Mpwa wangu alibadili neno la siri. Mmoja wa wenzake amejiunga kwa jina lake na kwa fedha yake. Watatu wanakuja kibandani kila Jumamosi alasiri, naye anawafundisha kwa mikono alichokwishakiweza. Asichokiweza anasema wazi. Wanachanga kidogo kwa ajili ya yule mzee, naye anakuja kukaa kwenye kigoda na kuwakosoa. Wa tano alikasirika, akasema mpwa wangu amekuwa mzungu, na mpaka leo hawasemeshani. Sitawaficha kwamba jambo hilo linamuuma, nami sina dawa yake ila kumwombea dua. Pia wamemwandikia fundi wa mbali kumwomba awaruhusu kutazama pamoja kwenye simu moja. Akikubali, alhamdulillah. Akikataa, mali ni yake.

Nami nimemtafuta yule kijana wangu wa Keko. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto, useremala aliuacha zamani, anauza vifaa vya simu. Nilimwomba radhi. Alicheka, akasema amekwishasahau, yamepita. Tukanywa chai, safari hii nikiinunua mimi. Tulipokuwa tunaagana akanishika mkono akauliza, "Hivi fundi, ile droo ulikuwa unaikata vipi?"

Alikuwa hajasahau. Nikaomba karatasi na penseli kwa muuza chai, tukakaa tena.